Petroli yenye ethanoli kwenye boti ya kutembelea, naombeni uzoefu (niko Mwanza)

Kijana_wa_Bwiru

Mwangaluka wakuu.

Nina boti ya fiba futi 19, injini ya nje hp 60 ya 4-stroki, ya injekta siyo kabureta. Tuliinunua mwaka jana mimi na shemeji yangu, ni mtumba kutoka Marekani, tanki lake la alumini limefichwa chini ya sakafu, linaingia lita kama 110. Hatuvui wala hatubebi abiria, ni ya wikiendi tu na familia, tunazunguka Saanane, siku nyingine tunavuka mpaka Kamanga kula sato basi tunarudi. Kwa hiyo kuna kipindi inakaa wiki 6 hata miezi 2 haijaguswa, imefungwa tu na turubai juu.

Sasa Jumapili iliyopita tumetoka vizuri kabisa, tumefika usawa wa lile jiwe la Bismarck injini ikaanza kupiga misi, ukiiacha taratibu inakwenda ukivuta moto inakohoa, mara ikazima mazima. Nikapiga stata mpaka betri ikachoka. Tukavutwa na jamaa wa mtumbwi wa dagaa, kutuvuta walichukua elfu 20, kutucheka walitucheka bure.

Nimerudi nyumbani nimefungua kitabu cha injini nakuta wameandika petroli isizidi ethanoli (ile pombe inayochanganywa na petroli) asilimia 10, na kwenye mfuniko wa tanki kuna stika ya E15, yaani ethanoli asilimia 15, imekatwa na mstari mwekundu. Mimi hata sijui kama hizi sheli zetu zinauza yenye ethanoli au isiyo nayo. Hilo ndio swali la kwanza. La pili, boti ikiwa inakaa muda mrefu tanki niliache limejaa au tupu? Na la tatu kuna mtu kaniambia nimwage chupa 2 za spiriti kwenye tanki eti inakausha maji, nifanye au nisifanye?

Jembe_la_Igombe

Mkuu hayo mafuta yamechakachuliwa tu, hama sheli. Ethanoli itoke wapi Mwanza hii.

Fundi_Mwaloni

Pole sana kaka. Mimi nafungua hizi mashine hapa Kirumba miaka 14 sasa, nyingi ni za wavuvi, Yamaha za 2-stroki 15 mpaka 40, na za matajiri wa Capri Point kama wewe chache (utani huo usikasirike).

Jembe la Igombe usikimbilie sheli. Kuchakachua kulikuwepo sana enzi zile mafuta ya taa yalikuwa bei ya chini, mtu anachanganya na petroli anapata faida, ndio EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakaleta vinasaba (alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta) 2010 na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa na ule mchezo ukapungua sana. Lakini vinasaba vinaonyesha kama mzigo umepunguzwa kwa kuchanganywa na kitu kingine, havizuii maji kuingia kwenye tanki lako wewe likiwa limelala Capri Point mvua ya masika inapiga.

Niwaambie kitu nimekiona miaka yote hii. Mashine ya mvuvi inapigwa kila usiku, inabeba nyavu inabeba taa inabeba watu sita, inalaliwa na mvua, mafuta yananunuliwa kwenye madumu ya kupikia, na bado inaendelea. Ya kwako inafunikwa na turubai kama bibi harusi halafu inakufa. Kwa nini? Petroli ya mvuvi haina muda wa kuzeeka, inaingia jioni asubuhi imeisha. Ya kwako imekaa miezi 2. Mwezi wa nne niliitwa kuangalia boti moja imekaa tangu kabla ya Krismasi, nafungua dreni ya kabureta kinachotoka siyo petroli tena, rangi ya chai ya rangi na harufu kama vanishi ya fundi seremala, jeti zimezibwa na kitu kinanata kama gamu. Hakukuwa na ethanoli pale, uzee tu.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu fanya hivi. Kwenye mpira wa mafuta kati ya tanki na injini lazima kuna filta. Ifungue, mimina kilichomo kwenye chupa nyeupe inayoonekana ndani, iache dakika 10 itulie. Ukiona kitu kama shanga zinazunguka chini hayo ni maji. Halafu rudi hapa.

Spiriti usimwage.

Msukuma_wa_Minnesota

Fundi amesema vizuri, ngoja niongeze upande wa ethanoli maana huku niliko ndio wimbo wa kila siku. Nipo Minnesota, Marekani, mwaka wa 11, jimbo lina maziwa zaidi ya elfu 10 na karibu kila jirani ana boti imepaki uani. Sheria ya huku petroli ya kawaida inatakiwa iwe na ethanoli asilimia 10, ya mahindi, wanaita E10. Lakini sheli nyingi zina pampu moja ya okteni 91 isiyo na ethanoli kabisa, na imeruhusiwa kwa ajili ya boti, pikipiki za theluji, magari ya zamani na mashine za kukatia nyasi. Sasa jiulize kwa nini watu wanaolima mahindi yenyewe na kuuza ethanoli yenyewe wameziwekea boti pampu yake.

Sababu ni maji. Petroli tupu na maji haviongei, maji yakiingia yanazama chini ya tanki yanakaa pale, unayaona, unayatoa. Ethanoli inapenda maji, inayabeba. Kwenye E10 lita 100 inaweza kuficha kama nusu lita ya maji yameyeyuka humo humo huoni chochote na injini inachoma inaendelea. Mpaka hapo ni kama faida, na kusema ukweli kwa mtu anayetumia boti kila wikiendi E10 haina shida kubwa kihivyo, huku mamilioni ya boti zinaitumia. Balaa ni maji yakizidi kile kipimo, au yamefika karibu na kipimo halafu usiku ukawa wa baridi. Ethanoli inaachana na petroli inashuka chini pamoja na maji, unapata tabaka 2. Na mpira unaonyonya mafuta uko wapi? Chini. Injini inakunywa maji na pombe. Na petroli iliyobaki juu nayo imepungua okteni (kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati) kwa sababu ethanoli ndio ilikuwa inaipandisha. Kufikia hapo hakuna dawa, ukiongeza petroli mpya juu haitengenezi, stebilaiza (dawa ya kuzuia petroli isizeeke) haitengenezi, unatoa yote.

Kwa wale wa 2-stroki mnaochanganya oili kwenye mafuta ndio mbaya zaidi, oili inabaki juu na petroli, lile tabaka la chini halina ulainisho wowote, pistoni inakamata.

Ndio maana spiriti ni ushauri mbaya. Spiriti ni hiyo hiyo ethanoli imetiwa rangi na sumu, na ya dukani ina maji ndani yake tayari. Unachukua maji yaliyotulia chini ambayo ungeyatoa kwa pampu ya mkono unayachanganya kwenye mafuta yapite kwenye injekta. Injekta ni tundu jembamba kuliko sindano, kutu kidogo tu umenunua nyingine.

Hiyo stika ya E15: mwaka 2010 na 2011 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliruhusu E15 kwa magari ya 2001 na kuendelea, boti wakazikatalia. Watengenezaji wa injini za boti karibu wote wanasimamia 10. Juu ya hapo mafuta yanachoma na hewa nyingi kuliko injini ilivyopangiwa, inapata joto, na mipira na gasketi zinalika.

Swali kwako Kijana, boti ya mwaka gani? Na mpira wa mafuta ni ule ule iliokuja nao?

Kijana_wa_Bwiru

Boti ya 2004. Mpira ndio ule ule ndugu yangu, mgumu kama mua.

Nimefungua filta kama fundi alivyosema. Nusu ya chini ni maji, siyo shanga, ni maji kabisa, na vumbi la kahawia. Nimeweka picha. Sasa hayo ni maji ya kawaida au ndio hilo tabaka la ethanoli?

Nyar_Dunga

Habari zenu jirani, mimi niko Kisumu upande wa Dunga. Ethanoli si kitu kigeni huku kwetu, miaka ya 1980 Kenya ilikuwa inachanganya ya molasi kutoka Muhoroni hapo juu, mzee wangu alikuwa na pikipiki na mpaka leo ukimtajia gasoholi anakunja uso. Ilikuja ikaachwa. Sasa hivi petroli ninayoweka kwa boti nimeipima mara kadhaa na sijawahi pata ethanoli, lakini mimi hupima kila nikibadilisha petroli stesheni, kwa sababu Uganda walishapitisha sheria ya kuchanganya 2020 na hili ziwa ni moja, mtungi wa mafuta hauna pasipoti.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa yenye alama za mililita, weka maji 20, weka rangi ya keki tone moja ndio uone mstari vizuri, ongeza petroli 100. Funga, tingisha dakika moja, fungua kidogo gesi itoke, acha itulie. Kama mstari wa maji umebaki 20 hakuna ethanoli. Kama ni E10 ethanoli itatoka kwa petroli iingie kwa maji, mstari unapanda karibu 30. Fanyia nje, mbali na jiko na mbali na mtu wa sigara. Na upime petroli mpya ya pampu, si hiyo ya tanki yenye maji tayari, itakuchanganya.

Jembe_la_Igombe

Chupa yenye alama za mililita tunaipata wapi sisi watu wa Igombe, maabara?

Nyar_Dunga

Chupa ya mtoto ya maziwa 😂 lakini usiirudishe kwa mtoto, nunua yako.

Mzee_wa_Kyela

Naongeza kidogo tu. Malawi wanachanganya ethanoli ya miwa tangu 1982 na boti za Ziwa Nyasa upande wao zinatembea siku zote. Nilikaa mpakani miaka mitatu, kilichokuwa kinawasumbua watu siyo kuharibika kwa injini mpya, ni mtu mwenye tanki la zamani aliyezoea petroli tupu halafu siku moja anaweka iliyochanganywa. Ethanoli inasafisha, inabandua uchafu wote wa miaka kwenye tanki unakwenda kuziba filta. Mtu anabadilisha filta tatu ndani ya mwezi anasema amerogwa. Na kama tanki lenyewe ni la fiba ya zamani, ethanoli inaweza kulainisha ile gundi ya fiba ikaingia mpaka kwenye injini. La kwako ni la alumini, hilo usiogope.

Fundi_Mwaloni

Kijana nimeona picha. Kwa macho siwezi kukuambia kama kuna pombe ndani, pima petroli ya sheli kama dada wa Dunga alivyoeleza utajua. Lakini maji yale ni mengi mno kutoka kwenye unyevu wa hewa. Hewa inaleta maji kidogo kidogo, kinacholeta maji ya kujaza filta ni tundu. Angalia mfuniko wa tanki pale juu ya sitaha, ule mpira wa duara wa kuzibia ndani ya mfuniko upo au umekatika? Na kitundu cha hewa cha tanki pembeni kimeangalia wapi, kama kimeangalia juu au turubai linamwagia pale ndio bomba lako la mvua.

Kutoa maji: usitumie pampu ya umeme. Chomoa betri kwanza, fungua sakafu yote na mifuniko yote iache ipigwe upepo nusu saa, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unalala chini kwenye tumbo la boti, huuoni, cheche moja tu. Ingiza mpira mpaka chini kabisa ya tanki, tumia pampu ya mkono, simamisha boti ikiwa imeinama nyuma ili maji yajikusanye kona moja. Ya kwanza kutoka ndio maji. Weka kwenye dumu linaloonekana ndani, lilale usiku mmoja, asubuhi petroli iko juu maji chini. Yale maji usimwage ziwani tafadhali, watoto wanachota pale pale. Na mpira mgumu kama mua unatupa leo, siyo kesho, nunua wa mafuta wenye maandishi ya boti, wa bustani hapana.

Kijana_wa_Bwiru

Wakuu nimerudi, wiki nzima nilikuwa na kazi hii.

Kwanza testi. Nimenunua chupa ya mtoto Makoroboi elfu 3, mke wangu kaniona naingia nayo akaniuliza kuna nini cha kuniambia. Nimepima petroli ya sheli mbili tofauti, maji 20 na rangi nyekundu ya keki, zote mbili mstari umebaki pale pale 20 umekaa kama umechorwa na rula. Hakuna ethanoli. Jembe la Igombe kwa hilo ulikuwa sahihi, sheli ulikosea.

Pili fundi wewe ni mchawi. Mfuniko wa sitaha nimeufungua, mpira wa ndani haupo kabisa, labda haujawahi kuwepo tangu tununue, na pale mfuniko ulipo ndipo turubai linapobonyea, mvua ikinyesha panakuwa na kidimbwi. Yaani boti ilikuwa inakunywa maji ya masika yote kwa tundu la mafuta. Tumetoa kwenye tanki lita moja na nusu ya maji, kwenye lita kama 60 za petroli. Shemeji alikuwa anahesabu kwa chupa za maji ya kunywa.

Sasa naomba mnimalizie lile la tanki kujaa au tupu, na ile petroli niliyoichuja naweza kuitumia?

Msukuma_wa_Minnesota

Hapo watu wanabishana mpaka wanagombana. Huku baridi inafunga maziwa miezi mitano hivi, boti inalala na tanki limejaa karibu asilimia 95, ile nafasi ndogo ni ya mafuta kutanuka, na stebilaiza inawekwa petroli ikiwa mbichi halafu unawasha injini dakika 10 ili ifike mpaka kwenye injekta. Tanki lililojaa lina hewa kidogo, hewa kidogo unyevu kidogo. Tanki nusu ndio baya kuliko yote, mchana linapumua nje usiku linavuta ndani hewa ya ziwa.

Lakini hiyo ni ya kulala miezi mingi. Wewe unalala wiki 6 tu na sheli iko dakika 10, mimi ningekuwa huko ningenunua mafuta ya safari ile ile na kubakiza kidogo. Petroli tupu ikifungwa vizuri inakaa hata miezi 6, E10 hesabu 3, na kwa jua la Mwanza punguza zote.

Fundi_Mwaloni

Mimi sikubaliani na kubakiza kidogo kwenye tanki la chini ya sakafu, hulioni ndani. Ama lijaze ama likaushe. Kama safari zenu ni za Kamanga na Saanane, weka pembeni hilo tanki kubwa kabisa, nunua tanki jekundu la lita 25 la kubeba, unakwenda nalo sheli, unalijaza likiwa chini kwenye sakafu siyo ndani ya gari wala ndani ya boti, ukirudi safari unafunga kile kitundu cha hewa unaondoka nalo unaweka kivulini, siyo ndani ya nyumba wanapolala watu. Kilichobaki baada ya mwezi mmoja mimina kwenye pikipiki, petroli ya 4-stroki haina oili ndani yake pikipiki haitajua tofauti. Wa 2-stroki mliochanganya oili msijaribu hiyo, mtatoa moshi mpaka traffic awasimamishe.

Petroli uliyochuja: kama ina rangi ya chai au inanuka vanishi hapana. Kama bado nyeupe na harufu kali ya petroli, ichuje mara ya pili, changanya kidogo kidogo na mpya kwenye gari la zamani, siyo kwenye hiyo injekta. Na weka filta ya kutenganisha maji ya maikroni 10, ile yenye kibakuli cha kuonekana chini, unaikagua kila ukitoka. Ukija Mwaloni niulizie tu, siku za soko usije saa nne kuna fujo ya dagaa hutanipata.

Jembe_la_Igombe

Kwa hiyo mimi wa kabureta 2-stroki nikimaliza safari nichomoe mpira niache injini imalize mafuta mpaka izime?

Fundi_Mwaloni

Wengi wanafanya hivyo, mimi sipendi, oili inakuja na mafuta, mafuta yakianza kukauka ulainisho nao umekauka huku mashine bado inazunguka. Izime, halafu legeza skrubu ya dreni chini ya kabureta, kopo chini yake, dakika mbili umemaliza. Skrubu ya shaba hiyo, usiikaze kwa hasira.

Kijana_wa_Bwiru

Asanteni sana. Tanki jekundu nimeshalipata, mfuniko mpya wenye mpira umetoka kwa jamaa wa mitumba Kirumba, mpira wa mafuta fundi anafunga kesho. Jumapili tunajaribu mpaka Saanane na kurudi, shemeji amesema safari hii anabeba kasia mbili.